Jani la Kwanza kwa Kobayi

Kwa mama, katika mtaa wa Bungulu mjini Beni, mboga haiingii kwenye sufuria kabla kobayi hawajaionja. Ndiyo sheria ya jiko lile. Kobayi wenyewe wanaishi humo humo nyuma ya mafiga, wanyama wadogo wa manyoya, wanene, wasio na mkia, wanaopiga filimbi kila wakisikia kisu kinakata majani. Mama huchomoa jani moja la lenga-lenga, mchicha wetu, huwatupia, kisha huendelea na shughuli zake. Wakila na kubaki wazima, tunapika. Mmoja akizubaa, mboga yote inakwenda kutupwa, hata kama wageni wameshakaa na wameshanawa mikono.

Jirani wanamcheka. Mimi pia nimemcheka, kwa sababu ndiyo tabia yangu, lakini sijawahi kumcheka kwa moyo wote. Nilipokuwa msichana vita vilitukimbiza, na siku tuliyotoka nyumbani mama alibeba vitu viwili tu: mdogo wangu mgongoni, na kikapu cha kobayi kichwani. Watu njiani walimuuliza kama amerukwa na akili. Huko porini tulikula majani ambayo hatukuyajua hata jina, na kila jani lilipitia kwanza kwenye kikapu kile. Kulikuwa na uyoga mmoja mweupe, safi, wa kutamanisha. Kobayi aliyeuonja alilala chali mbele ya macho yetu akitupa miguu. Mama aliumwaga wote, na tukalala njaa tukiwa hai.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Mama si mtu wa kuamini vitu ovyo. Ana ushahidi wake, nami ni sehemu ya ushahidi huo. Leo nafundisha biolojia katika shule ya sekondari mjini Butembo, na katika somo langu lote hakuna jaribio ninaloliheshimu kama lile la kikapu.

Mdogo wangu, yule aliyebebwa mgongoni, ndiye aliyepata mimba. Alikuwa ameingoja miaka mingi, mpaka mashangazi wakaanza kumnong'onea pembeni na kumletea mizizi ya kuchemsha. Anaishi na mumewe katika ua wa mama. Shemeji yangu ni mkulima, mtu mpole na mchapakazi. Analima nyanya na lenga-lenga upande wa njia ya Mangina. Zamani wakulima wa huko walikuwa na vibanda shambani, wakilala huko na vyombo vyao. Siku hizi, kwa hofu ya wauaji wa usiku, hakuna anayelala shambani. Kila kitu kinarudi mjini jioni: jembe, pompi ya kupulizia, na dawa ya wadudu. Na dawa, kwa kuwa ikiachwa uani inaibwa, ilikuwa inalala chini ya kitanda chao.

Nilikwenda kumpongeza mdogo wangu, na harufu ikanipokea mlangoni kabla yake. Asubuhi yake nikamkuta uani amechuchumaa, tumbo likianza kuonekana, anakoroga dawa kwenye ndoo kwa kijiti. Ilimrukia mkononi, akajipangusa kwenye kitenge. Mumewe alikuwa anafunga mikanda ya pompi mgongoni, na ilikuwa kazi yao ya pamoja, wameizoea, wakitaniana.

Nilikwenda moja kwa moja jikoni.

"Mama, ile dawa itaaribu mutoto."

Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Hakunyanyua kichwa.

"Lenga-lenga yenye banapigaka ile dawa, kobayi banakula kila siku. Uliona ata moja amekufa? Banakula, bananenepa, banazaa. Donc basi dawa haina neno."

"Kobayi haiko mutu, mama!"

"Wakati ilikuokoa, haukusema vile."

Nilijua dawa za wadudu ni hatari, kama kila mtu anavyojua, kwa ujumla, kama mtu anavyojua kwamba mvua inalowesha. Lakini mama alikuwa na wanyama wazima mbele ya macho yake, na mimi nilikuwa na maneno. Mdogo wangu alitusikiliza kutoka uani, akacheka, akasema yaya wake, yaani dada yake mkubwa, amesoma mpaka anaogopa hata ndoo. Nilipanda gari la kurudi Butembo nimekasirika kiasi kwamba abiria mwenzangu aliniuliza kama nimefiwa.

Sasa nieleze jambo lililonipata Butembo, ambalo hadi leo nikilifikiria nywele zinanisimama.

Kuna mwanamke niliyesoma naye sekondari, dawati moja. Mimi nilibaki kwenye vilima vyetu. Yeye masomo yalimchukua mbali, mpaka akaajiriwa katika maabara moja huko Ulaya. Alikuwa amekuja kuwaona wazazi wake, na chuo kimoja cha mjini kikamwomba azungumze na walimu na wanafunzi. Nilikwenda kwa ajili ya urafiki. Nilikaa nyuma, nikiwa na madaftari ya kusahihisha kwenye mfuko, nikidhani nitayamaliza yeye akiendelea kusema.

Alianza kwa swali: tunajuaje kama kitu fulani kinadhuru ubongo wa mtoto ambao bado unajengwa? Akaeleza njia ya zamani. Unachukua panya wenye mimba, wengi sana, unawapa dawa hiyo. Unangoja wazae. Unawafundisha watoto wao kutafuta njia, unapima wanavyokumbuka, mwishoni unawaua na kukata ubongo wao vipande vyembamba. Kazi hiyo inachukua muda mrefu, inakula fedha, inakula wanyama, na kwa sababu hiyo haifanywi mara nyingi. Dawa nyingi tunazozishika kila siku, alisema, hazijawahi kuulizwa swali hilo hata mara moja.

Niliyaweka madaftari chini.

Kisha akasema: "Mimi situmii panya. Ngoja niwaonyeshe ninachotumia." Akazima taa, akawasha mashine, na ukutani ikaonekana picha ya madoa ya kijivu yaliyotawanyika, basi. Alisema hayo madoa yalikuwa ngozi. Mtu mzima mmoja, aliyekubali kwa hiari yake, alitolewa kipande kidogo cha ngozi ya mkono. Seli za ngozi hiyo zikabembelezwa, ndilo neno alilotumia, mpaka zikasahau kwamba ni ngozi. Zikarudi utotoni, zikawa kama zilivyokuwa mwanzo kabisa tumboni mwa mama wa mtu yule. Halafu zikaelekezwa njia nyingine, zikawa seli za ubongo.

Mwanafunzi mmoja mbele aliguna kwa sauti.

Filamu ikaanza kwenda. Kila doa lilianza kutoa uzi. Uzi ulirefuka, na kwenye ncha yake kulikuwa na kitu kama kiganja kilichofunguka, kinapapasa huku na huko, kinarudi nyuma, kinajaribu tena, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Ncha moja ikagusa seli ya jirani. Ikakaa. Halafu nyingine, na nyingine. Miaka yote nimechora neva ubaoni kwa chaki, mstari na duara, mstari na duara, na wanafunzi wangu wamenakili. Sikuwahi kufikiri kwamba mstari ule unatafuta.

Sahani iliyokuwa na seli zile ilikuwa na vinundu vya chuma chini yake, vidogo kupita macho, na vinundu hivyo vinasikiliza. Seli ya ubongo ikipeleka ujumbe inatoa umeme kidogo, na mashine inaweza kuugeuza kuwa sauti. Rafiki yangu aliongeza sauti. Mwanzoni tulisikia tap, kimya, tap tap, upande huu na upande ule, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Kila seli ilikuwa inasema peke yake. Kisha akaweka sauti ya sahani ile ile baada ya majuma kadhaa. Kimya. Halafu zote kwa pamoja, mvua kubwa ya ghafla. Kimya. Halafu zote tena. Hakuna aliyeziambia zianze lini. Zilikuwa zimepatana zenyewe, ndani ya sahani inayoenea kwenye kiganja.

Nililia, sioni haya kusema. Nimelelewa Mkatoliki, nimepiga magoti mbele ya mambo mengi matakatifu nikiwaza chakula cha mchana, lakini katika ukumbi ule wa viti vibovu niliogopa kama anavyoogopa mtu aliyeingia mahali pasipo pake.

"Sasa hii," rafiki yangu akasema. Sahani ya pili. Seli za mtu yule yule, umri ule ule, chakula kile kile, isipokuwa zimetiwa kiasi kidogo cha dawa ya wadudu. Nyuzi zilikuwa fupi. Nyingine zilipapasa na kurudi. Na sauti ilibaki ile ya matone ya kwanza, tap, kimya, tap, majuma yakipita, bila kufikia mvua.

"Hazijafa," alisema. "Angalieni vizuri. Zinakula, zinaishi, ukizihesabu zipo zote. Ila hazizungumzi."

Niliona jiko la mama. Niliwaona kobayi wake wazima, wanene, na mdogo wangu akikoroga ndoo. Mama alikuwa anauliza kama dawa inaua. Hilo lilikuwa swali zuri kwa uyoga. Kwa mtoto wa tumboni halikuwa swali lenyewe.

Mwishoni nilinyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikauliza kuhusu kobayi, na ukumbi ukacheka, maana nani hapa hafugi kobayi? Yeye hakucheka. Alisema kila mnyama ana kalenda yake ya kujenga ubongo. Panya anazaliwa kipofu, kazi nyingi ikiwa bado. Kobayi anazaliwa kazi imekaribia kwisha. Mwanadamu anaanza tumboni na anaendelea miaka mingi akiwa nje. Ukimuuliza mnyama mmoja juu ya mwingine, atakujibu kwa kalenda yake. Akaongeza, kwa uaminifu ulionifanya nimheshimu, kwamba hata sahani si mtoto. Haina damu, haina mama, haitajifunza kutembea. Ndiyo maana wanaunganisha vipimo vingi, seli za aina hii na ile, vijisamaki vichanga, hesabu za kompyuta, na bado kuna mambo wasiyoyajua. Kabla hatujaagana alinitilia filamu ile kwenye simu yangu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Beni.

Mama aliitazama filamu kwenye kizingiti cha jiko, simu ameishika mbali na macho kwa mikono miwili. Sikumwambia lolote la kobayi. Nilimweleza ngozi, nilimweleza sahani, nikamwekea sauti. Ilipofika ile mvua ya pamoja alitikisika kidogo, akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akataka tena.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mutu moja wa kule. Alitoa ngozi yake."

"Iko muzima, ule mutu?"

"Iko muzima. Iko anaenda kazi."

Alifikiri. "Na anajua kama ngozi yake iko inasema apa?"

Mama alisema "Nyamuhanga" kwa sauti ndogo, jina la Mungu kwa Kinande, kama anavyolitaja akiona mtoto anazaliwa. Nikajua ameona nilichoona mimi. Nilitaka kumkumbatia, lakini kwa bahati mbaya nina mdomo, nikakimbilia ushindi: nikasema basi, umeona, mama, dawa iondoke. Uso wake ukajifunga palepale.

"Hii ni ya kushangaza. Mais mimi niko na kobayi yangu. Ile ya simu sikuishika na mikono."

Ungeuliza watu wa Butembo nani mwenye kichwa kigumu, wangekwambia mimi. Hawajamjua mama yangu.

Alichokishika kwa mikono kilitoka nyuma ya mafiga mchana ule ule. Kobayi mmoja alizaa, jambo la kawaida jikoni mle, wala hatukulisikia. Tuligeuka tu tukaona watoto watatu wamekauka manyoya, macho wazi, wanakimbia nyuma ya mama yao. Mmoja alishika ukingo wa jani akaanza kulitafuna. Nimeona jambo hilo tangu utoto. Siku hiyo niliinama nikamchukua, nikamweka kwenye kiganja cha mama, na kwa mara moja katika maisha yangu nilisema taratibu.

"Amezaliwa sasa hivi. Anaona. Anakimbia. Anakula majani. Wetu je?"

Mama amepokea watoto wa nusu ya mtaa ule, kabla kituo cha afya hakijajengwa na hata baadaye. Alimtazama yule mnyama akitafuta njia ya kushuka kwenye kiganja. Nilijizuia kusema kwa nguvu zangu zote.

"Wetu anatoka mubichi," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Shingo haishike. Macho haijue wapi ya kuangalia. Na apa," akagusa utosi wake mwenyewe, katikati ya kichwa, chini ya kitambaa, "apa iko laini, inapiga. Inakawia kufunga." Aliendelea kujigusa pale. "Donc iko inajengwa bado. Siku yote ile, iko inajengwa. Na huyu," akamrudisha kobayi chini, "huyu ndjo nilikuwa nauliza."

Alisimama, akakung'uta kitenge, akavuka ua, na akafanya kitu ambacho nisingekiamini kama ningesimuliwa. Kwetu mama mkwe haingii chumba anacholala mkwe wake. Haingii hata kama nyumba ni yake, hata kama mvua inavuja ndani. Wengine hawakitazami hata mlango. Mama aliingia. Nilimsikia akisukuma kitanda. Mdogo wangu alikuwa anaanika nguo. Aliacha shati likaanguka kwenye vumbi.

Shemeji alirudi kutoka shambani akamkuta mama mkwe wake amepiga magoti kando ya kitanda chake, anavuta kidumu cha dawa. Maskini, hakujua aangalie wapi. Alisimama nje ya mlango, pompi bado mgongoni, akatazama viatu vyake.

"Mama, ungeniita."

"Ningekuita, ungenielezea. Sitaki kuelezewa." Alitoka na kidumu amekishika mbali na mwili. "Hii hapana lala tena na mutoto wangu. Ata na ule wa ndani. Utachanganya mwenyewe, kulekule shambani. Na nguo ya kazi utafua mwenyewe."

Mwanaume mwingine angegeuza jambo hilo kuwa kesi ya ukoo. Yeye alisema "ndiyo, mama", na siku iliyofuata alijenga sanduku la mbao lenye kufuli kwenye kona ya mwisho ya ua. Nadhani aibu ya kuona goti la mama mkwe kwenye sakafu ya chumba chake ilimsukuma kuliko hoja yoyote ambayo ningeitoa. Kuanzia hapo alivulia nguo za kazi nje, akazifua mwenyewe, watoto wa jirani wakimzomea.

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimejaa furaha, najiona mtu wa maana, nikakaa na mdogo wangu kwenye mkeka jioni kumenya viazi. Alimenya kiazi kimoja, cha pili. Kisha akaniuliza bila kunitazama.

"Yaya, na ile miezi yote nilikuwaka nachanganya?"

Kisu changu kilisimama. Nilitafuta katika kila nilichosikia kwenye ukumbi ule. Sahani ilikuwa imenifundisha kuogopa dawa. Haikuwa imenifundisha lolote juu ya mtoto huyu mmoja, katika tumbo hili moja. Nilitamani kumdanganya. Ningeweza, angeniamini, mimi ndiye mwalimu.

"Sijue," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akachukua kiazi kingine.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, mwenye sauti kubwa. Tulimshukuru Mungu, tukacheza, mashangazi wale wale wa mizizi wakaja kudai kwamba ni wao waliomleta. Lakini simu za mdogo wangu zilianza kunifikia Butembo. Yaya, leo nilipiga makofi, alikawia kugeuka. Yaya, mutoto wa jirani iko anashika kijiko, wetu hapana. Yaya, macho yake yanafuata mukono, mais yanafika kati yanaacha, ni nini? Nilimwambia ampeleke kwa muuguzi. Muuguzi alisema mtoto anakua vizuri. Mdogo wangu alinipigia tena kesho yake.

Nilishuka Beni nikawakuta uani. Mtoto alikuwa amelazwa chali kwenye mkeka, akirusha miguu. Mdogo wangu alikuwa ameinama juu yake, jasho limemtoka usoni, anapitisha kidole mbele ya macho ya mwanawe, kulia, kushoto, kulia, polepole, akihesabu kitu kwa midomo. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu yao, anachambua mboga. Nilisalimia, mdogo wangu hakunisikia. Mtoto alikifuata kidole, akakiacha, akapanda na macho yake mkono mzima wa mama yake mpaka usoni. Hapo akakaa. Uso wake wote ukafunguka, ufizi mtupu, na kidevu kikitetemeka kwa furaha.

Mdogo wangu alisogeza kidole tena kulia.

"Wewe," mama akamwambia, "acha kumupima. Anakuchekea."

Kidole kilisimama hewani. Mdogo wangu alimtazama mwanawe kama mtu aliyeamshwa usingizini, na ilimchukua muda kukumbuka namna ya kujibu. Mtoto alingoja, akiendelea kucheka, hadi mama yake naye akacheka.